Chelimo na Mpaka wa Tarehe

Zack Nyamwange alipoitengenezea timu ya mpira ya wasichana wa Litein programu ya kuchuja wachezaji kwa umri, alijisifu kwamba hata malaika hatapenya na miaka ya uongo. Alisema kweli. Kipa wetu Chelimo, mwenye umri halali kabisa, naye hakupenya.

Fainali na timu ya Silibwet ilikuwa kesho yake. Wenye mashindano walitaka orodha iliyotoka kwenye programu, tena kabla ya saa sita mchana. Jina la kuongezwa kwa kalamu halichezi. Na kipa wa akiba ni Chepchirchir, mtoto mwema sana, ila mpira ukimjia yeye hufumba macho, pengine anauombea.

Kocha Tecla akamfuata Zack kwenye saiba yake, kile kibanda cha kompyuta za kukodi. Zack akamwonyesha: programu inachukua waliozaliwa kuanzia tarehe moja Januari 2009 mpaka thelathini na moja Desemba 2010. Chelimo alizaliwa hiyo thelathini na moja. Basi yumo, akasema Zack. Kompyuta ikasema hayumo. Akaizima, akaiwasha, akaipuliza vumbi. Tecla akamuuliza kama ameshajaribu kuipa chai.

Zack akaanza kuishuku tarehe yenyewe. Pengine mama alisahau.

"Zack, wewe ni wa Kisii, nakusamehe," Tecla akasema. "Kwetu jina ndio saa ya kuzaliwa. Chelimo ni wa asubuhi, ng'ombe wakienda malisho. Mama atasahau aje?"

Zack akarudia polepole: "Asubuhi."

Fomu yake ilikuwa ikiuliza hata saa ya kuzaliwa, madoido aliyoyaweka mwenyewe, na Chelimo alikuwa ameijaza. Sasa, ukimwambia mtu mpaka tarehe thelathini na moja, ataacha siku iishe. Kompyuta ukiipa tarehe bila saa, inashika saa sita ya usiku, siku inapoanza tu. Mlango ulifungwa ng'ombe wakiwa bado zizini.

Akafuta ule mpaka, akaandika: kabla ya tarehe moja Januari 2011. Chelimo akatokea, na orodha ikatumwa.

Chelimo mwenyewe alikuwa nje, amekalia kreti ya soda, glavu mapajani. Tecla akamwambia yumo. Hakuruka wala hakulia. Alivaa glavu, akauliza kama kuna mtu wa kumpigia mipira kidogo kabla mvua haijaanza.

Zack akafunga saiba, akaenda kumpigia yeye. Alipiga mpaka akavua viatu. Haukuingia mpira hata mmoja.