Mwisho Ambao Hakuna Aliyeniambia

"Asiambiwe," alisema Dwight, na kiganja chake kipana kikatua juu ya kitabu cha Bernadette kama mtu anayeziba mdomo wa mwenzake. "Kama hajafika hapo, asiambiwe."

Watu wote chumbani walinigeukia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Septemba, kwenye chumba cha nyuma cha duka la kufulia nguo la Bernadette Cadotte. Upande wa pili wa ukuta mashine za kukaushia zilikuwa zikizungusha mashuka ya mji mzima, na sakafu ilitetemeka kidogo chini ya viti vyetu. Mapajani nilipakata riwaya nzito kama tofali. Nilikuwa nimetoka kuwaeleza kwamba wao wangesoma kurasa mia kwa wiki, na mimi, nikijitahidi sana, mbili kwa siku. Wasijali, niliwaambia. Wazungumze tu, nami nitasikiliza hata yale ambayo sijayafikia. Nilidhani nimewarahisishia mambo.

Dwight alikuwa refa wa mpira wa magongo wa barafuni hadi magoti yalipomkatalia, na bado alikuwa na macho ya kuona kosa kabla halijatendeka.

"Hadithi ya kutisha ukishaambiwa kinachokuja ni uji uliopoa, mama," aliniambia. "Ukitaka kusoma nasi, utasoma. Tukianza kuzungumzia kurasa ambazo hujazifikia, utatupisha, utakaa nje."

Bernadette, ambaye ndiye aliyeanzisha usomaji huu wa kila vuli, alimwambia aone haya, maana alijua fika nilivyokuwa nimeugua. Dwight akajibu kwamba anajua. Si yeye aliyekuja hospitali na chungu cha maua aliyoyanunua dukani kwangu mwenyewe?

"Kuumwa ni kuumwa," alisema, "na kitabu ni kitabu."

Basi nilichukua koti langu nikatoka. Nilikaa katikati ya mashine za kukaushia, kwenye joto na harufu ya sabuni, na nyuma yangu nikausikia mlango ukifungwa.

Kiharusi kilikuwa kimenipata mwezi wa Aprili, nikifungua barua dukani. Hakikuuma. Nilidhani tu kwamba tarishi amekosea akaniletea barua za Warusi. Bahasha ya kwanza, ya pili, kadi ya arusi, bili ya umeme, zote zilikuwa zimeandikwa kwa alama nisizozijua. Nikachukua kalamu nimwandikie msichana wangu wa dukani kwamba naenda nyumbani, najisikia vibaya. Mkono uliandika vizuri, kwa mwandiko wangu ule ule wa kulalia kulia. Kisha nikaitazama karatasi, na karatasi haikuniambia kitu. Ilikuwa ni mikwaruzo ya kuku.

Daktari alinieleza kwamba njia inayopeleka maneno kutoka machoni imeziba, lakini njia ya kuyatoa iko salama. Naweza kuandika lakini siwezi kusoma, hata nilichokiandika mwenyewe dakika ile. Alilisema hilo kama mtu anayeonyesha ndege adimu.

Watu waliniambia nishukuru, nami nilishukuru. Nilitembea, nilizungumza, niliwatambua wote waliokuja kunitazama, na vidole vyangu bado vilijua kufunga shada la maua bila kuvunja kikonyo. Lakini tangu nikiwa msichana nilikuwa na maisha ya pili, na maisha hayo yalikuwa vitabuni, hasa vile vinavyomfanya mtu ainue miguu kutoka sakafuni. Kila majira ya baridi nilikuwa na kimoja kando ya jiko. Na sasa mlango huo ulikuwa umefungwa, na nikijaribu kueleza, watu walinipapasa mkono wakisema, ah, kumbe ni kusoma tu.

Reino, mume wangu, anaendesha gari la wilaya la kuondoa theluji, na hajawahi kuona tatizo asilolitafutia kifaa. Aliniletea rekodi za vitabu vinavyosomwa kwa sauti. Nilisikiliza kimoja kwa muda nikakizima. Msomaji yule alikuwa na sauti nzuri, lakini alikuwa ameshaamua kwa niaba yangu ni wapi nitishike.

Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha njia nyingine. Nilitazama herufi moja, nikaichora kwa kidole kwenye kiganja cha mkono wa pili, na kiganja kikaliambia jicho kile ambacho jicho limekisahau. Kisha herufi iliyofuata. Neno fupi lilinichukua muda wa kuvaa soksi. Neno refu lilinichukua soksi, buti na kufunga kamba zote. Ndivyo nilivyokuwa nikisoma siku Bernadette alipokuja kununua maua ya kaburi la mama yake, akaniambia riwaya ya mwaka huu inakaribia kurasa elfu, na kwamba kiti changu kipo.

Reino alipotoka kazini nikamsimulia jinsi nilivyotolewa nje, alivaa tena buti zake. Alitaka aende kwa Dwight saa ile ile. Nilimwambia akae ale. Nilikuwa nikimenya viazi, na kwa mshangao nikagundua sikuwa na hasira hata chembe. Tangu Aprili kila mtu alikuwa akinisemesha kwa sauti ya chini, kama niliyelala. Wote walikuwa tayari kunisimulia riwaya ile mwanzo hadi mwisho, kwa huruma, kama mtu anavyomkatia mtoto nyama sahanini. Dwight peke yake ndiye aliyeona kwamba kuna kitu ambacho naweza kuharibiwa.

Riwaya yenyewe iliitwa *Ziwa Linapopungua*. Ilimhusu mjane mmoja, Thora, anayeishi kando ya ziwa ambalo maji yake hushuka kila kiangazi, na kila yakishuka hufichua sehemu nyingine ya nyumba iliyozama zamani. Kwanza bomba la moshi. Kisha paa. Kisha dirisha la juu, na ndani ya dirisha hilo taa inawaka.

Hilo la taa lilikuwa kwenye maelezo ya jalada la nyuma, na jalada hilo peke yake lilinimalizia asubuhi nzima. Ndani ya kitabu, hadi Oktoba inaanza, mimi nilikuwa bado kwenye bomba la moshi.

Nilikwenda kila Jumamosi. Nilikunywa nao kahawa, nikala mkate wa iliki, kisha Dwight akaitazama saa yake ya refa nami nikatoka. Nilichora herufi zangu katikati ya mashine. Kupitia mlangoni nilisikia mvumo wa sauti, kicheko, halafu kimya cha ghafla ambacho kilinifanya niache kuchora. Mara moja mwalimu wa shule ya msingi alitoka peke yake, uso umempauka, akajimiminia maji akayanywa amesimama.

"Bado hujafika dirishani?" aliniuliza.

"Bado."

"Una bahati," akasema, na nikaona hakuwa akinionea huruma. Alikuwa akinionea wivu.

Lakini wivu wa mtu mwingine hausomi kitabu. Katikati ya mwezi nilikutana na sentensi moja ndefu, ya kitu kidogo tu, jinsi upepo ulivyokuwa ukisukuma matete. Nilipofika mwisho wake nilikuwa nimesahau ilivyoanza. Nikarudi. Nikasahau tena. Niliirudia hadi kiganja kikaniwasha, kisha nikainuka nikakitupa kitabu kwenye pipa la nyuma ya duka, pamoja na vikonyo na majani yaliyooza. Nyumbani nilimwambia Reino, "Nimemaliza." Aliuinua uso wake kwa furaha, akadhani nimefika mwisho wa kitabu. Ilibidi nimweleze kwamba nimemalizana nacho.

Siku chache baadaye, jioni, aliniuliza kama ningependa kwenda naye sauna.

Sauna yetu iko ufukweni mwa ziwa, chumba kidogo cha mbao cha kuogea mvuke, chenye dirisha moja linaloelekea majini. Baba yake ndiye aliyeijenga, na Reino huwa anakwenda huko peke yake. Ndipo anapopumzikia na dunia nzima, mimi nikiwemo. Nilimuuliza tangu lini anaogopa sauna.

"Siogopi. Nataka mtu wa kuzungumza naye."

Tulikaa kwenye benchi la juu, na hakuzungumza. Alikuwa amekaa kwa ubavu, ili asiligeuzie mgongo lile dirisha. Hapo nikaelewa.

"Reino, umekisoma."

"Kidogo tu."

"Umefika wapi?"

Alimwagia mawe maji, akangoja mvuke utulie. Mwanamume huyu, kwa miaka yote niliyokaa naye, hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko maelekezo ya mashine.

"Dirishani," akasema.

"Kuna nini dirishani?"

Alifungua mdomo. Nilikuwa na hakika ataniambia, kwa sababu hajawahi kuninyima kitu nilichokiomba. Kisha akatikisa kichwa.

"Siwezi, Aili. Mzee Dwight alisema kweli. Hili si la kuambiwa."

Nilimkasirikia kwa hasira niliyokuwa nimeisahau, hasira nzuri, ya mtu mzima mwenye afya. Na chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu masika. Nilikuwa na uchu. Asubuhi nilikikuta kitabu juu ya meza ya jikoni, kimekaushwa, kinanuka vikonyo vya maua ya krisanthemamu.

Jumapili iliyofuata, alasiri, duka likiwa limefungwa, theluji ya kwanza ilianza kuanguka. Nilikaa nyuma ya kaunta na Thora akapiga makasia. Herufi kwa herufi niliivusha mashua yake. Alifika penye dirisha. Ndani aliona meza iliyoandaliwa kwa watu wawili, na kiti kimoja kimevutwa nyuma kidogo, kama kwa mgeni. Akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo, akapumua, na kioo kikaingia ukungu. Akaufuta kwa kiganja. Ukungu haukufutika. Akaufuta tena.

Ulikuwa upande wa ndani.

Kitabu kilianguka sakafuni. Nilikuwa nimesimama, sijui saa ngapi nilisimama, nywele za shingoni zimenisimama, na ninalitazama dirisha la duka langu mwenyewe ambalo theluji ilikuwa ikilikaribia kimya kimya. Ilinichukua muda kugundua kwamba kidole changu hakikuwa kiganjani. Mkono wangu wote ulikuwa umeziba mdomo. Tangu mstari gani, sijui. Mahali fulani majini kidole kiliacha kuchora, nami sikuwa na habari.

Nilikaa chini nikacheka, na kucheka kukageuka kulia, na kulia kukageuka tena kucheka. Nilikuwa nimetishika. Herufi hazimtishi mtu. Mtu hutishika akiwa ameshaingia ndani.

Nilimpigia Reino simu. Nilichosema ni kimoja tu: ukungu uko upande wa ndani.

"Sasa umeelewa kwa nini sikutaka kwenda sauna peke yangu," akasema.

Nisidanganye: nilipokiokota kitabu, ukurasa uliofuata ulikuwa tena changarawe tupu, na kidole kikarudi kazini. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Siku nyingine maneno mawili matatu yalikuja yenyewe, kama paka, kwa sababu sikuyaita. Siku nyingine hayakuja.

Wenzangu walimaliza mwishoni mwa Oktoba, maboga yakiwa yamechongwa kwenye ngazi za kila nyumba. Nilikula nao keki, kisha nikatoka nje ili wauzungumzie mwisho. Vuli iliyofuata wakaanza riwaya nyingine, nami nikaja na ile ile ya zamani. Mji ukanitunzia siri. Dukani kwangu wateja walikatiza maneno kila nilipotoka ghalani. Bernadette siku moja karibu neno limponyoke, akajitia kipande kizima cha mkate mdomoni, machozi yakamtoka. Reino alikuwa ameshamaliza zamani. Kila nilipofika mahali pabaya alinitazama kwa pembe ya jicho akaondoka chumbani, asije akajisaliti kwa uso.

Nilifika ukurasa wa mwisho mwezi wa Machi, barafu ya ziwani ikiwa imeanza kuguna. Nilifunga kitabu, nikakaa nacho kidogo. Halafu nikampigia Dwight, ambaye alikuwa nyumbani akiuguza nyonga aliyofanyiwa upasuaji. Aliitikia kama mtu aliyekatizwa kutazama mechi.

"Nimemaliza, mzee," nikasema. "Chote."

Nikasikia televisheni ikizimwa.

Hakunipongeza. Aliuliza swali moja, na kwa jinsi alivyoliuliza nilijua amelibeba tangu vuli ile: je, Thora aliingia mle ndani kwa hiari yake, au aliitwa? Nikasema kwa hiari. Akasema hapana, aliitwa, hilo liko wazi, na Jumamosi ile kundi zima lilikubaliana. Nikasema basi kundi zima limekosea. Tukabishana hadi sikio langu likapata moto. Alitaka nimwambie nimelitoa wapi wazo hilo. Nikamwambia kuna neno moja pale mashuani, neno dogo, lililonikwamisha muda mrefu, kwa hiyo nalijua vizuri.

"Sikumbuki neno lolote," akasema.

"Tatizo lenu mzee Dwight, kwa heshima zote, mlisoma haraka mno."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya meza, kisha mkongojo ukigonga sakafu taratibu kwenda na taratibu kurudi, kisha kitu kizito kikitua karibu na simu, na karatasi zikifunuliwa.

"Ukurasa gani?" akauliza.

Nikamtajia, nikangoja. Sikuwa na haraka.