Sauti Ilikokwenda

"Zima, uwashe tena," alisema Elifuraha. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

Mwalimu Efraimu alikizima kishikwambi, akakiwasha. Kwenye skrini kubwa iliyowekwa juu ya meza ya matangazo, nota alizoziandika kwa mkono wake zikatokea tena, safi, kila sauti na mstari wake. Mshale mdogo ukaanza kutembea chini ya nota kuonyesha kwamba wimbo unaimbwa. Na kweli ulikuwa unaimbwa. Ila hakuna aliyeusikia.

"Labda MB zimeisha."

"Elifuraha, wimbo umo humo humo ndani," Diana wa sauti ya alto alimwambia. "MB za nini?"

"Mimi nasaidia tu, dada."

Elifuraha alikwenda kwenye spika kubwa ya kanisa, iliyounganishwa na kishikwambi kwa waya mwembamba, akakizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, kikagoma. Kimya. Nje, ng'ombe wa jirani alilia, na wanakwaya wawili wakacheka kwa pua.

Wangeweza kuanza wenyewe. Walikuwa ishirini na wawili, na wimbo waliujua nusu. Lakini kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Efraimu, mkulima wa kahawa na migomba hapa Akheri, aliwafundisha jambo moja kuliko yote: mtu hafungui kinywa kabla hajapewa sauti yake. Yeye ndiye aliyekuwa akipita mbele ya kila kundi, akiinama kidogo kama anayewaibia siri, na kuwapa nota ya kuanzia. Hakuwahi kuhitaji kinanda. Kisha mwezi wa pili daktari akamkata uvimbe kooni, na kilichobaki kilikuwa mnong'ono, kama wa mtu anayepuliza makaa.

Kabla ya kwenda hospitali alikaa shambani asubuhi tatu mfululizo, akaimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, akazirekodi. Skrini alipewa na mwanawe, ilipoondolewa ofisini kwao. Leo alitakiwa kuionyesha kamati ya muziki kwamba anaweza kufundisha bila koo. Asipoweza, kuanzia kesho kwaya ingekuwa ya mwalimu mpya kutoka Sakina, kijana mwenye kinanda chake.

Kamati ilikuwa Mzee Calvin, ameketi benchi la mbele, jalada mapajani.

"Mwalimu," alisema kwa upole uliochoka, "mimi nina msiba Kikatiti saa kumi."

Efraimu aliinua vidole viwili: dakika mbili. Kidole gumba kilikuwa na jasho, na kioo kikakataa kumtambua. Kilipomkubali, kikamuuliza kama angependa kusasisha mfumo sasa. Akagusa *Baadaye*. Kikamuuliza kama ana uhakika. Efraimu alikitazama. Hata mchungaji siku ya ndoa yake alimuuliza mara moja tu.

"Chomoa huu waya wa skrini, mwalimu," Elifuraha akashauri.

Akauchomoa. Papo hapo spika ikanguruma, ikatoa nusu ya neno, na skrini ikawa nyeusi.

"Ee! Ipo! Sauti ipo!"

"Sasa nota ziko wapi?" aliuliza Mzee Calvin. "Tulikubaliana waone na wasikie. Kusikia tu, si watasikiliza redio nyumbani?"

Efraimu akauchomeka waya. Nota zikarudi, sauti ikaondoka. Akauchomoa, ikarudi. Akauchomeka, ikaondoka. Alitamani kupiga kelele. Angekuwa na koo lake la zamani, wangemsikia mpaka barabarani.

"Jamani, hicho kitu kinamtania," mama mmoja wa soprano alinong'ona.

"Mwalimu," Diana alisogea. Alikuwa akipapasa mgongo wa skrini. "Hii haina matundu. Tunazo kama hizi kazini. Hazina spika kabisa."

Efraimu aliuangalia waya mnene. Picha ilipita humo. Basi na sauti nayo ilikuwa ikipita humo humo, ikiifuata picha kama mwana-kondoo, ikifika kwa asiye na mdomo. Kwa hiyo haikuharibika. Ilikuwa imepelekwa kusikotakiwa, na anayepeleka ni kishikwambi; basi kiambiwe.

Mzee Calvin aliinuka, akafunga jalada. "Mwalimu, hakuna anayekulaumu..."

Efraimu aliingia kwenye mipangilio. Akasoma polepole, kama anavyosoma nota ngeni, asiruke hata mstari. *Sauti*. Ndani yake, chini kabisa: *Toa sauti kupitia*. Kulikuwa na majina mawili. Duara la bluu lilikuwa kwenye *Skrini ya nje*. Akagusa la pili, *Kifaa cha waya*, akauanzisha wimbo upya.

Hakuna aliyekumbuka kukirudisha kile kitufe.

"BESI! MNALALA? SIMAMENI WIMA KAMA WATU WALIOKULA!"

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kifuani, akiwakaripia watu waliokuwa hawapo, kule kwenye migomba. Wanaume sita wa nyuma walinyoosha migongo kabla hawajafikiri. Mbele, Mzee Calvin, aliyeimba besi chini yake miaka kumi na tisa, naye alinyooka, jalada likamponyoka, karatasi zikatawanyika sakafuni.

Elifuraha alikimbilia spika, akipunguza huku akicheka hadi machozi. Nota ya besi ikatoka, ndefu, tulivu. Wakaipokea. Efraimu aliinua mkono, na wakaingia.

Walivuka ubeti wa kwanza. Katikati ya wa pili, sauti ya kwenye spika ilikwaruza, ikakohoa mara mbili, ikakatika. Hapo ndipo koo lilipomshinda, asubuhi ile ya tatu shambani. Hakuwa amemwambia mtu.

Mkono wake haukusimama. Ukashuka, ukapanda. Besi walitazamana, wakaendelea, na alto wakaingia mahali pao. Mshale kwenye skrini ulikuwa umeganda mwisho wa mstari. Mzee Calvin alikuwa bado amesimama juu ya karatasi zake, kidevu kimeinama kifuani, akiitafuta nota ya chini pamoja na besi wenzake.