Goti la Mzee Ngiri

Katika nchi ya Dimbwini, wakati wa kiangazi maji yalipatikana mahali pamoja tu, na hapo ndipo alipoishi Mfalme Kiboko. Raia walikunywa kwenye mfereji mwembamba uliotoka dimbwini. Sheria ilisema kwamba mfereji ukikauka, Mfalme atatoka majini na kulala kwenye matope ya kando, na dimbwi litafunguliwa kwa wote mpaka mvua inyeshe. Lakini sheria hiyohiyo iliweka sharti: kama mvua iko karibu, Mfalme hana haja ya kutoka.

Nani basi wa kusema kwamba mvua iko karibu? Waasisi wa nchi waliikabidhi kazi hiyo kwa goti la ngiri aliye mzee kuliko wote. Hawakufanya mzaha. Ngiri hula akiwa amepiga magoti, na kwa vizazi kadhaa goti la ngiri mzee liliuma kabla wingu lolote halijaonekana, na mvua ikaja. Kwa hiyo Baraza lilipokutana, Waziri aliuliza, "Goti linasemaje?" na jibu likawa mwisho wa mjadala.

Waasisi hawakuandika popote ngiri huyo azeeke mpaka wapi.

Mzee Ngiri wa wakati huo alikuwa amezeeka kiasi kwamba goti lake liliuma kila siku, kiangazi na masika, asubuhi na jioni. Alilijua hilo bila shaka yoyote, maana alikuwa mnyama wa kulinganisha mambo: liliuma, mvua haikunyesha, liliuma tena, mvua haikunyesha tena. Hakumwambia mtu.

Asubuhi alizoea kukaa juu ya kichuguu pamoja na jirani yake Nungunungu, ambaye naye alikuwa amekula chumvi nyingi, wakizungumza yale ambayo wazee huzungumza.

"Umeamkaje, mwenzangu?" aliuliza Nungunungu.

"Nimeamka. Hiyo peke yake ni habari."

"Goti?"

"Linauma."

"Mimi mgongo unaniuma mwaka wa ngapi huu, mbona hawaniiti barazani?"

"Mgongo wako hauna cheo."

Nungunungu alicheka mpaka miiba ikagongana. Kisha akatazama juu. "Zamani wingu likitokea upande ule, jioni unalala umelowa. Siku hizi mawingu yanachungulia, yanapita, kama wageni waliokosea nyumba."

"Na serikali inasemaje?"

"Serikali iko majini, inapoa."

Walikuwa bado wanacheka Bi Kuro alipopita na ndama wake. Kuro ni swala wakubwa wanaoishi kandokando ya maji; hawawezi kukaa siku nyingi bila kunywa kama wanavyoweza wengine. Mama huyu kijana alikuwa amekonda shingo, na ndama alitembea huku amemwegemea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo. Maziwa yamepungua. Jana mfereji ulikuwa tope, leo ni vumbi." Alisita. "Wenzangu wamehamia kwenye mto wa ng'ambo ya nyika. Nilitaka kuwafuata wakati huyu bado ana nguvu za kutembea. Lakini nimesikia goti lako limesema mvua iko karibu. Angekuwa mwingine nisingemwamini. Kwa kuwa ni wewe, nimengoja."

Nungunungu aligeuka akawa anatazama miiba yake.

"Tutaona Baraza litasemaje," alisema Mzee Ngiri.

Kabla ya Baraza, Waziri Korongo alimtembelea. Alimkuta kwenye tope la Mfalme, kando ya dimbwi, mahali ambapo Mzee Ngiri alikuwa amepewa nafasi ya kujilaza kila alasiri. Tope hilo lilikuwa na uvuguvugu, na mle ndani maumivu yalipungua. Hapakuwa na mahali pengine katika nchi nzima palipompa nafuu.

"Mzee, tope letu limekukubali?" aliuliza Waziri, akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Limenikubali, Mheshimiwa."

"Tunafurahi. Ingetuwia vigumu kumpa nafasi hii mtu ambaye goti lake limestaafu."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akaaga.

Baraza lilikutana ukingoni. Mfalme alihudhuria kwa pua, macho na masikio; sehemu nyingine ya enzi ilibaki chini ya maji. Waziri aliuliza swali la desturi. Kabla Mzee Ngiri hajajibu, Bi Kuro aliomba ruhusa ya kusema.

"Mzee, samahani. Mwezi uliopita goti liliuma?"

"Liliuma."

"Na mvua haikunyesha."

"Haikunyesha."

"Sasa linauma kwa namna ileile, au kwa namna nyingine?"

 Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza swali lililostahili kuulizwa, na Mzee Ngiri alikuwa na jibu lake. Waziri alimwahi.

"Sheria inauliza kama linauma. Haiulizi namna. Linauma, Mzee?"

"Linauma."

Hakusema uongo. Baadaye alijaribu mara nyingi kujifariji kwa hilo, akaona kwamba lilizidisha aibu badala ya kuipunguza. Mfalme alipuliza maji puani, ishara kwamba shauri limekwisha.

Bi Kuro alimsubiri njiani. "Basi nikae, Mzee?"

Neno moja lingetosha. Goti lilimuuma, na tope lilikuwa palepale nyuma yake.

"Baraza limeshasema," alijibu.

Bi Kuro akakaa. Ndama alilala kwenye kivuli chembamba cha kichaka siku hiyo, akaamka. Siku chache baadaye alilala hapohapo asiamke. Mama yake alisimama karibu naye mpaka tai walipotua, kisha hakuwa na nguvu za kuwafukuza.

Mvua ilipokuja, ilikuja bila kumuuliza mtu. Asubuhi hiyo Mzee Ngiri aliamka akiwa mwepesi. Alikunja goti, akalikunjua. Halikuuma hata kidogo, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Mchana maji yalimwagika nchi nzima.

Mfalme aliitisha Baraza palepale mvuani. "Goti lilisema, na mvua imekuja," alitangaza Waziri Korongo. "Wenye maswali wako wapi?" Ikaamriwa kwamba kuanzia siku hiyo ushahidi wa goti hautahojiwa na yeyote.

Mzee Ngiri alisimama. "Mfalme, leo haliumi."

"Limemaliza kazi, linapumzika," alisema Waziri, na wanyama wakacheka kwa upendo.

"Halikuwa likisema habari za mvua. Lilikuwa likisema umri wangu. Nami nilijua."

"Mnawaona wazee wetu?" alisema Waziri. "Hata siku ya ushindi hawajikwezi."

Walimshangilia. Mfalme mwenyewe alitoa kichwa chote nje ya maji ili kumtazama, heshima ambayo wachache waliwahi kuipata. Katika umati ule ni Nungunungu peke yake ambaye hakucheka.

Kesho yake wazee wawili walikaa tena juu ya kichuguu. Hawakuzungumza habari za mawingu wala za serikali. Bi Kuro alitokea njiani akitoka mferejini, tumbo limejaa maji, ubavuni hana mtu. Mzee Ngiri alitamani apite kimya. Alikuwa tayari hata kutukanwa; matusi angeyapokea kama haki yake.

Bi Kuro alisimama mbele yake, akainamisha shingo kama alivyolelewa.

"Shikamoo, Mzee."

Jibu lake ni neno moja, ambalo kila mzee hulitoa bila kufikiri. Mzee Ngiri alifungua kinywa. Bi Kuro alingoja, kichwa bado kimeinama, maana adabu haimruhusu mtoto kuondoka kabla hajaitikiwa. Nungunungu naye alingoja. Manyunyu yakaanza upya, yakawalowesha wote watatu, na neno halikutoka.