Mvaaji Aliyesimama

Maabarani kwetu kuna mwanasesere wa plastiki mwenye kimo cha mtu mzima. Tunamwita Shemeji, maana amekaa kwetu miaka na hajawahi kuosha hata kikombe. Tumemjaza maji ya chumvi na sukari, kama dawa ya mtoto anayeharisha, kwa sababu mawimbi ya redio hufifia ndani ya maji hayo kama yanavyofifia ndani ya mwili wa binadamu. Tunamfunga kidude cha kutuma ujumbe kifuani na kipokezi kiunoni, kisha tunahesabu jumbe ngapi zimefika. Hesabu hiyo ndiyo inayoingia kwenye kiwango, yaani kanuni ambazo viwanda vyote vya vidude vya kuvaa mwilini vitazifuata, ili cha huyu kisikilizane na cha yule.

Shemeji ana kasoro moja. Ukimlaza, anavuja shingoni.

Miaka mitatu iliyopita alinimwagia maji sakafu nzima. Nilipiga deki mpaka kiuno kikagoma, nikamsimamisha, nikampima akiwa wima, na kwenye ripoti nikaandika "mvaaji aliyesimama". Basi. Neno likatoka kwenye ripoti, likaingia kifungu cha tisa cha rasimu ya kiwango, likatulia humo kama lililozaliwa humo. Hakuna aliyeliuliza. Hata mimi, niliyefukuzwa kazi mara mbili kwa maswali yangu, safari hii nilinyamaza.

Kisha Mjomba akaanguka.

Mjomba ndiye aliyenilea. Moyo wake hudunda unavyojisikia, kwa hiyo alipewa kidude cha majaribio, kilichoundwa kwa kufuata rasimu yetu hiyohiyo. Asubuhi moja alizimia jikoni akaanguka kifudifudi, kidude chini yake. Kikapiga kelele weee. Kipokezi kiunoni, ambacho kingeniarifu, hakikusikia kitu, na simu yangu ikakaa kimya mfukoni. Aliokolewa na jirani aliyekuja kuazima pasi.

Alipozinduka aliniambia, "Mpwa wangu, mlinzi gani huyu mliyenipa? Nikilala, na yeye analala."

Nilicheka. Nilipofika nje sikucheka tena.

Siku ya kusoma rasimu kwa mara ya mwisho niliingia kwenye kamati nimemshika Mjomba mkono. Saa sita mchana ikipita, rasimu ingepelekwa kupigwa chapa, na kuifungua tena ni mpaka miaka mitano ipite. Katika miaka mitano watu wangapi wangeanguka kifudifudi?

"Huyu mzee ni nani?" aliuliza mwakilishi wa viwanda. Tunamwita Bwana Betri. Hata ukimjulia hali anakujibu habari za betri.

"Marahaba," Mjomba alimjibu, ingawa hakuwa ameamkiwa.

Bwana Betri akaona haya. "Shikamoo, mzee."

"Nimeshaitikia. Mimi ndiye kifungu cha tisa."

Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba asomaye kila mstari kwa rula, aliniangalia. "Fundi, una dakika kumi."

Nikasimama. "Neno 'aliyesimama' niliandika mimi. Halikutoka kwenye utafiti wowote. Shemeji alivuja, nikachoka kupiga deki."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Unataka kuniambia," alisema Mwenyekiti polepole, "kwamba tumewahesabu wagonjwa wote kuwa wamesimama kwa ajili ya tambara la deki?"

"Ndiyo, mama."

"Na ripoti ina sahihi yako."

"Ina. Mkitaka kunifuta na mimi, sawa, lakini anzeni na neno."

Bwana Betri akainua mkono. "Mtu akikilalia, lazima kidude kipaze sauti, au kipitishe ujumbe kwenye kingine, tuseme cha mkononi. Vyote vinakula betri. Siku saba zinakuwa tano!"

"Betri ikizima unaichaji," nikasema. "Mjomba nimchajie wapi?"

Nikafungua kompyuta waione skrini. Mjomba akafungwa kidude na kipokezi, akasimama: jumbe mia zikatumwa, zikafika tisini na tisa. Akavua viatu, akapanda kwenye meza ya kamati, akalala kifudifudi juu ya ajenda zao. Zikafika kumi na mbili.

"Mtu mmoja si kipimo," alisema Bwana Betri. "Tena mwembamba."

"Kweli kabisa." Nikalitazama tumbo lake kwa heshima zote. "Tupate mwili wenye maji ya kutosha."

Kamati nzima ikamgeukia. Akatazama huku na huku, akalegeza tai, akapanda. Meza ikalia. Tukamfunga kidude na kipokezi, akalala kifudifudi. Ukafika mmoja.

Mjomba akamwinamia sikioni. "Mwanangu, ndiyo umeshakufa, na kwenu bado hawana habari."

Safari hii hakuna aliyejifanya anakohoa. Bwana Betri peke yake hakucheka. Alibaki pale pale, shavu juu ya ajenda, macho yakiitazama ile namba moja.

Mwenyekiti akaweka rula chini ya mstari, akalikata neno kwa penseli. "Wino utakuja na vipimo. Usomaji unaahirishwa wiki sita. Fundi, miili miwili hainitoshi. Niletee arobaini, iliyolala kila namna. Na hiyo shingo ya Shemeji izibwe leo."

"Siku tano na nusu," ilisema sauti ya Bwana Betri kutoka mezani. "Nikiwabana mafundi wangu, siku tano na nusu zinawezekana. Haya, pima ubavu wa kushoto."

Akageuka. Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika: mvaaji aliyelala, wa kwanza.

"Wa pili," alinisahihisha Mjomba, akitafuta kiatu chake chini ya meza. "Wa kwanza nilikuwa mimi, kule jikoni."

Nikakata, nikaandika upya.