Lori Limepumzika

Mume wangu Kailemia ni dereva wa lori, na kampuni yao ina sheria: ukishaendesha usiku kucha, unaegesha masaa manane kabla ya kuwasha tena. Sheria nzuri. Mwezi uliopita alisinzia kwenye usukani akaingia kichakani na saruji yote, na tangu siku hiyo mimi ndiye mlinzi wa usingizi wake. Nawaambia ukweli, ni kazi ya kuchosha kuliko kuchimba viazi.

Shida ni kwamba kile kifaa kilichofungwa kwenye lori kinajua gari limesimama. Hakijui kama mtu amelala. Na lori lenyewe, likiegeshwa getini kwetu hapa Kiirua, linawatangazia majirani wote kwamba Baba Lenah yuko.

Jumanne alifika saa mbili asubuhi, macho mekundu kama pilipili. Hata chai hakumaliza. Saa tatu jirani yetu Misheck akabisha hodi. Alitaka kusalimia tu, na huku kwetu mtu akija kukusalimia hulali; ukilala, wanasema unaringa. Kailemia akaamka, wakaongea juu ya ng'ombe wa Misheck mpaka saa tano. Ng'ombe mzima kabisa, hana hata kikohozi!

Misheck alipoondoka nilimrudisha mume wangu kitandani, kisha nikasimama getini. Mara akaja mzee wa kanisa, anataka kuongea naye habari ya kubebewa mchanga. Hapo uvumilivu ukaniishia, nikasema uongo.

"Baba Lenah ni mgonjwa. Hawezi kuamka."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Nilijiona mjanja kweli.

Mimi, mzaliwa wa hapa hapa, nikasahau mgonjwa hufanyiwa nini hapa. Saa saba walifika akina mama wa kanisa kumi na mmoja, wakiongozwa na Marcella, na unga, sukari na mkungu mzima wa ndizi. Waliimba kuanzia getini. Walijaa chumbani, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba mmoja mmoja, na Marcella haombi kwa sauti ndogo. Kailemia alikaa kitandani akisema "amina" huku akiniangalia mimi. Niliwapikia chai huku nikilia kwa hasira, nikisingizia moshi.

Saa kumi simu ikalia. Ni Abdiweli wa ofisini.

"Kailemia, system inaonyesha umepumzika masaa nane. Toka sasa, hiyo mzigo inangojewa Marsabit."

Kailemia akavaa viatu. Alikuwa amelala masaa mawili na kitu, tena kwa vipande.

"Bwana asifiwe, amepona!" Marcella akapiga makofi. "Basi Baba Lenah, si utubebe tu mpaka Subuiga? Kuna mgonjwa mwingine huko."

Kabla Kailemia hajajibu, Marcella na wenzake watatu walikuwa wameshapanda kwenye kabini, naye akaketi kwenye usukani. Nikasimama mbele ya lori.

"Dada Marcella, nilidanganya. Huyu hakuwa mgonjwa. Alikuwa na usingizi, na bado ako nao. Hajalala, juu yangu mimi na juu yenu. Mwezi jana aliingiza lori kwa kichaka hivyo hivyo."

Kisha Marcella akakaza kitambaa chake cha kichwa, akashuka polepole, na wenzake wakamfuata.

"Sisi hata tutapanda boda," akasema. "Safari njema, Baba Lenah."

Walishuka wote wanne. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Kailemia ashuke.

Nilipanda mimi, nikachomoa ufunguo, nikaenda kuufukia ndani ya ule unga wao. Niliporudi, alikuwa ameshalaza kichwa kwenye usukani, anakoroma. Simu ikalia tena, nikaipokea.

"Abdiweli," nikamwambia, "lori limepumzika, kuja ulichukue. Dereva ndio anaanza sasa."