Nyama Imekua, Mishipa Bado

Kwetu sisi wanyanyua vyuma neno ni moja tu: mshipa. Shingo ikikaza, mshipa. Goti likiuma, mshipa. Mtu akishindwa na uzito kwa sababu hakulala vizuri, atakwambia mshipa umemkatalia. Damu inapita kwenye mshipa, maumivu yanapita kwenye mshipa, na kile kitu kigumu kinachoufunga msuli kwenye mfupa nacho tunakiita mshipa. Lakini hicho cha mwisho kina jina lake, kinaitwa kano. Jina hilo nalijua tangu bega langu liliponitupa nikiwa kijana, daktari akanichorea picha kwenye karatasi. Sikulitumia ukumbini hata siku moja, nikiogopa kuonekana mwalimu wa sayansi mbele ya watu wanaonuka jasho.

Nasema mapema, usije ukadhani sikujua.

Ukumbi wetu ni bohari la zamani la matairi, na kocha ni mimi. Mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu, ni fundi wa plasta, ndiyo maana tulimwita Mwiko. Alikuja kwangu mwembamba, suruali imeshikiliwa na mkanda na dua. Mwaka mzima alipanda taratibu, kilo mbili mwezi huu, kilo mbili mwezi ujao, mpaka akaweza kunyanyua mia na thelathini kutoka sakafuni. Nilimpenda kwa subira ile. Kisha, ndani ya miezi minne tu, akafika mia na tisini.

Hakuna anayefika hivyo kwa kula akashiba. Mabega yalimvimba, chunusi zikamjaa mgongoni, hasira zikawa karibu. Siku moja mkoba wake ulianguka, bomba la sindano likabiringika mpaka kwenye kiatu changu. Nikaliokota, nikampa.

"Vitamini, mjomba," akasema bila kunitazama.

"Vitamini," nikaitikia, na mimi bila kumtazama. Mashindano ya vilabu yalikuwa wiki tano mbele, na klabu yetu haijawahi kurudi na chochote zaidi ya njaa.

Jioni hiyo hiyo nilijaribu, nakiri kwamba nilijaribu kidogo. Alikuwa anaongeza sahani nyingine ya uzito kwenye chuma. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Punguza mwendo. Nyama imekua, mishipa bado."

Akanyoosha mkono chini ya taa, akaukaza. Mishipa ya damu ilimtoka minene kama kamba za viatu, kutoka kiganjani hadi begani.

"Mishipa bado? Mjomba, badilisha miwani! Hii ni nini sasa, mizizi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Ilikuwa kazi ya maneno machache tu: si hiyo, mwanangu, nasema kano, ile usiyoweza kuiona kwenye kioo. Sikuyasema. Nilitaka anyanyue mia mbili.

Siku nane kabla ya mashindano akazijaribu hizo mia mbili. Alikishika chuma tunavyokishika wote uzito ukiwa mkubwa: kiganja cha kushoto kinatazama nyuma, cha kulia kinatazama mbele. Kiliondoka sakafuni vizuri kabisa. Kilipofika magotini nikasikia sauti, kama turubai limechanwa kwa mara moja. Chuma kikaanguka. Mwiko hakupiga kelele. Alisimama anautazama mkono wake wa kulia. Msuli ulikuwa umejikunja juu karibu na bega, na pale juu ya kiwiko pamebaki bonde.

"Mshipa umeshtuka," mmoja akasema.

"Mshipa tu," Mwiko akajibu, midomo imemkauka.

Wakampaka dawa ya kuchua, wakamsindikiza kwao. Mimi nikafunga ukumbi. Nilijua nilichokiona, lakini kukitaja kungeleta swali la sindano, na swali la sindano lingeleta la kwa nini mimi nilinyamaza. Wiki nzima nikawa naulizia hali yake kupitia watu, kama mgeni.

Siku ya saba uvumilivu ulinishinda, nikaenda. Dada alikuwa jikoni anapasha mafuta ya kumchua. Mwiko alikuwa uani na ndoo ya saruji, amekazana kupiga kiraka cha ukuta. Kule kurusha kwa fundi si nguvu, ni kiganja kugeuka haraka, kama mtu anayefungua kitasa. Kiganja chake kiligoma nusu njia. Saruji ikamwagika miguuni pake. Akachota tena, ikamwagika tena.

"Mama anasema mshipa ukichuliwa wiki mbili unarudi," akaniambia. Sauti ilikuwa ya mtoto anayeomba akubaliwe. Mkono ule ndio uliokuwa ukimlisha yeye na mama yake.

"Haurudi," nikasema. "Huo si mshipa, baba. Ni kano, na imekatika. Vaa shati, mwite mama yako, twende hospitali."

Daktari wa mifupa alimgeuza kiganja mara mbili, akambonyeza kwenye kiwiko, akatikisa kichwa. Akatuambia tumewahi. Wiki chache zaidi kano ingejivuta juu na kusinyaa, na kuishona ingekuwa hadithi nyingine. Kisha akauliza kama kuna dawa yoyote aliyokuwa akitumia mgonjwa.

Mwiko akamtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Sindano za kukuza misuli," nikasema mimi. "Miezi minne. Bomba nililiona kwa macho yangu."

Dada hakumgeukia mwanawe. Alinigeukia mimi.

Daktari aliendelea kuandika huku akieleza. Msuli una damu nyingi, ukichochewa unakua upesi. Kano ina damu kidogo, inajijenga polepole, na sindano haiipi mwendo ule. Basi mtu anapata nguvu za kunyanyua mzigo ambao kano zake bado hazijaweza kuubeba, na wala hahisi chochote mpaka siku inapokatika. Maneno hayo yote nilikuwa nayo kichwani kwa miaka mingi.

Kwenye benchi la nje, dada alipokwenda kujaza fomu, Mwiko aliniuliza polepole.

"Siku ile nilipoonyesha mishipa. Ulijua nimekuelewa vibaya?"

"Nilijua."

"Na ukacheka."

"Nikacheka."

Alinipa kisogo mpaka walipokuja kumchukua.

Wakamshona. Mkono ukafungwa wiki kadhaa, kisha akaanza mazoezi ya kunyanyua kikombe. Habari nilizipata kwa dada, ambaye alizitoa kwa kipimo. Mwezi wa sita tangu ashonwe, akaniambia kwamba Mwiko amerudi kazini, jengo la ghorofa mbili nyuma ya soko. Nikapiga moyo konde, nikaenda.

Alikuwa juu ya jukwaa la mbao, amepungua, karibu yule mwembamba wa zamani. Akachota saruji, kiganja kikageuka, saruji ikanata ukutani. Machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Akaniona, akashuka, akajifuta mikono, akaniamkia kwa heshima zote.

"Sirudi kwenye vyuma, mjomba."

"Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa lipi?"

"Kukuomba radhi."

"Si ulishamwambia mama yote?"

"Mama yako nilimweleza. Kuomba radhi, sijamwomba mtu. Naanza na wewe."

Aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi.

"Saruji inakauka," akasema. "Ngoja nimalize ukuta kwanza."

Ulikuwa ukuta mrefu. Nikapindua ndoo, nikakaa, nikangoja.