RAM ya Mwalimu Raphael

"Inalia pii, pii, halafu haiwaki," mzee alisema, akiiweka laptop yake mezani. "Na hotuba yangu imo humo. Jumamosi wananipa tuzo shuleni."

Agnes hakumwamkia. Alikuwa amemtambua tangu alipovuka mtaro kuingia kibandani kwake cha kutengeneza kompyuta, hapo Mwembesongo. Mwalimu Raphael. Miaka kumi na minne iliyopita, Agnes akiwa kidato cha tatu, mkuu huyu wa shule alimsimamisha mbele ya shule nzima akatangaza kwamba ameiba RAM, vile vipande vya kumbukumbu, za kompyuta mbili zilizogoma kuwaka. Ushahidi wake ulikuwa kwamba Agnes alitunza ufunguo wa chumba cha kompyuta. Hakuna aliyezifungua kuangalia. Alifukuzwa siku ileile, na baba yake, Kasiani, mwenyekiti wa kigango cha kanisa kule Mgeta, kwa aibu hakukanyaga tena kanisani.

Mzee hakumkumbuka. Alikaa kwenye stuli, akijipepea kwa kofia.

Agnes akaipindua laptop, akafungua skrubu, akachomoa vipande viwili vya RAM. Akavisugua meno yake ya chuma kwa ufutio, akarudisha kimoja. Pii, pii. Akakihamishia tundu la pili. Pii, pii. Akakitoa, akaweka cha pili peke yake. Kioo kikawaka.

Akachukua kipande kipya, akakipachika kando ya kile kizima, akawasha tena. Hotuba ikafunguka: *Nguzo ya shule yetu ilikuwa haki.* Agnes akaisoma mara mbili. Kisha akakitia kile kibovu kiganjani mwa mzee.

"Hii imekufa yenyewe, Mwalimu. Hakuna aliyeiiba."

Kofia ikasimama hewani. Mzee akamtazama usoni.

"Agnes."

"Wa Kasiani."

"Zile za shule..." Akakigeuza kile kipande kiganjani. "Mwaka uliofuata alikuja fundi, akazifungua. RAM zilikuwemo. Zilikuwa mbovu tu."

"Mwaka uliofuata! Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa mkuu wa shule. Ningeanzia wapi?"

Miaka yote Agnes alikuwa ameandaa matusi ya siku hii. Sasa hayakumtosha. Akaifunga laptop, akaitia kwenye droo, akageuza ufunguo.

"Utaichukua ukishamwambia baba. Kesho, gari la mboga linaondoka alfajiri kwenda Mgeta."

"Magoti yangu mabovu, binti. Kile kilima..."

"Baba naye ana magoti. Miaka kumi na minne hajayapiga kanisani."

Kesho yake gari liliwashusha barabarani, wakashika njia ya miguu. Agnes alitangulia na hakupunguza mwendo. Nyuma yake alisikia mawe yakiporomoka, pumzi ikikwaruza, na mara moja kishindo cha mtu kuanguka. Alisimama bila kugeuka mpaka aliposikia ameinuka. Raha aliyoipata ilikuwa kali, na hakuionea aibu.

Kasiani alikuwa shambani, akivuna karoti. Mwalimu akasimama ukingoni mwa tuta, suruali imepasuka gotini, akasema yote. Alisema kwa sauti, hata wanawake wa shamba la jirani wakaacha majembe. Alipomaliza, akanyoosha mkono.

Kasiani aliinama kwenye mfereji akaanza kunawa udongo mwekundu wa mkono wa kulia, polepole, kidole kimoja kimoja. Mkono wa Mwalimu ulibaki umenyooka, na maji yakaendelea kushuka kilimani yakiwa mekundu.